Namna ya Kuchora Michoro na Kuiweka Katika Nyaraka za Programu

Katika timu ndogo ya programu, kama zilivyo nyingi hapa Tanga, mara nyingi ni mtu mmoja au wawili tu wanaojua mfumo mzima unavyofanya kazi, na mmoja wao akipata kazi Dar es Salaam, anayebaki hulazimika kusoma kodi, yaani maandishi ya programu yenyewe, faili kwa faili ili ajue taarifa zinaanzia wapi na zinaishia wapi. Nyaraka nzuri hupunguza adha hiyo, na ndani ya nyaraka hizo mchoro mmoja uliochorwa kwa uangalifu huweza kueleza haraka jambo ambalo aya tatu zimelizungukazunguka tu. Hata hivyo, mchoro uliopitwa na wakati una hasara kubwa kuliko kutokuwa na mchoro kabisa, kwa sababu msomaji huiamini picha kabla ya kuyaamini maneno. Ndiyo maana mwongozo huu unashikilia jambo moja tangu mwanzo: mchoro wa programu uandikwe kwa maandishi, ukae katika ripozitori (hifadhi ya mafaili ya mradi) moja na kodi, na ukaguliwe kila kodi hiyo inapobadilika.

Mfano utakaotumika ni mfumo wa kubuni wa kupokea maziwa. Wafugaji wa Muheza huleta maziwa kituoni asubuhi. Karani huyapima kwa laktomita ili kuona kama yameongezwa maji, kisha huingiza namba ya mfugaji na idadi ya lita katika programu ya simu. Simu hutuma kumbukumbu hizo kwenye seva pale mtandao unapopatikana, na kila baada ya wiki mbili seva huagiza malipo yaende kwenye akaunti ya simu ya mfugaji, iwe ni M-Pesa au Airtel Money. Ni mfumo mdogo, lakini una karibu kila kitu kinachohitaji kuchorwa: watu, vifaa, hifadhidata, mtandao unaokatika, na fedha ambazo hazitakiwi kulipwa mara mbili.

Hatua ya 1: Andika swali ambalo mchoro utalijibu

Kabla ya kufungua zana yoyote ya kuchorea, andika swali moja kwa sentensi kamili. “Kumbukumbu ya maziwa inapita wapi tangu karani anapobonyeza Hifadhi hadi mfugaji anapolipwa?” ni swali linalochoreka, kwa kuwa lina mwanzo, njia na mwisho. “Mfumo wetu ukoje?” halichoreki, na anayejaribu kulijibu huishia na ukurasa uliojaa visanduku na mishale inayokatizana, ambao hata yeye mwenyewe hawezi kuueleza baada ya mwezi mmoja. Ukiona swali lako linahitaji maneno “na pia” katikati, basi una michoro miwili, na ni bora uichore kila mmoja peke yake.

Andika pia ni nani atakayeuliza swali hilo. Meneja wa kituo cha maziwa anataka kujua ni hatua gani inayomhusu karani wake na ni wakati gani fedha hutoka, ilhali msanidi mpya anataka kujua ni sehemu gani ya programu inayoandika kwenye hifadhidata. Hawa wawili hawawezi kutumia mchoro mmoja, hata ukiupamba vipi. Swali lenyewe, likifupishwa, litakuwa kichwa cha mchoro.

Hatua ya 2: Chagua aina ya mchoro kulingana na swali

Swali likiuliza “nini kinafuata nini kati ya pande mbalimbali”, tumia mchoro wa mfuatano, ambao huweka kila upande juu ya mstari wake wa wima na kuonyesha ujumbe unavyopita kutoka juu kwenda chini. Likiuliza “tukifika hapa tunachagua njia ipi”, tumia chati mtiririko. Kwa mfano, laktomita ikionyesha maziwa yameongezwa maji, karani ayakatae au ayapime tena. Likiuliza “majedwali yanahusianaje”, tumia mchoro wa mahusiano wa hifadhidata. Likiuliza “kitu hiki hupitia hali zipi”, kama vile malipo yanayosubiri, yaliyotumwa, yaliyofanikiwa na yaliyoshindikana, mchoro wa hali ndio unaofaa, na kwa maoni yangu ndio unaosahaulika zaidi wakati ungeokoa muda mwingi.

Kwa swali la sura ya jumla ya mfumo, utaratibu wa C4 uliobuniwa na Simon Brown unasaidia sana. Utaratibu huo una ngazi nne: muktadha, yaani mfumo wako kama kisanduku kimoja kati ya watu na mifumo mingine inayouzunguka, kisha sehemu kubwa zinazoendeshwa kila moja peke yake, kama programu ya simu, seva na hifadhidata, kisha vijenzi vilivyomo ndani ya kila sehemu, na mwisho kodi yenyewe. Timu ndogo ichore ngazi mbili za kwanza na kuishia hapo. Ngazi ya nne hubadilika kila wiki, na kihariri cha kisasa cha kodi kinaweza kuionyesha bila mtu kuichora.

Huna haja ya kujua alama zote za UML, lugha ya michoro ambayo shirika la OMG liliipitisha kuwa kiwango rasmi mwaka 1997. Kinachotakiwa ni kwamba alama moja iwe na maana moja katika nyaraka zako zote, na pale ambapo msomaji anaweza kujiuliza maana yake, uweke ufunguo wa alama pembeni.

Hatua ya 3: Chora kwanza kwa kalamu

Karatasi haikuhimizi kupanga rangi wala kunyoosha mistari, hivyo akili hubaki kwenye jambo lenyewe. Mwonyeshe mwenzako mchoro huo wa kalamu, umwombe akueleze anachokiona bila wewe kumsaidia, na urekebishe pale anapokwama. Dakika chache zinatosha.

Hatua ya 4: Chagua zana

Zana ninayoipendekeza kwa kazi nyingi ni Mermaid, iliyoanzishwa na Knut Sveidqvist mwaka 2014. Unaandika mistari michache ya maandishi, nayo inayageuza kuwa mchoro. Tangu Februari 2022, GitHub, tovuti ya kuhifadhia kodi, huonyesha michoro ya Mermaid moja kwa moja ndani ya faili za Markdown, yaani maandishi yenye alama rahisi za mpangilio, na tovuti nyingine ya aina hiyo, GitLab, hufanya hivyo pia, kwa hiyo msomaji hahitaji kusakinisha chochote. Kwa kuwa mchoro ni maandishi, Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mafaili, huonyesha ni mstari gani uliobadilika, nani aliyeubadilisha na lini, jambo ambalo picha ya kawaida haiwezi kulionyesha.

PlantUML ina aina nyingi zaidi za michoro na inafuata UML kwa karibu, lakini inahitaji Java iwe imesakinishwa kwenye kompyuta, na baadhi ya michoro yake inahitaji pia zana nyingine, Graphviz. Graphviz yenyewe, iliyotoka katika maabara za AT&T, ni bora pale unapotaka kompyuta ipange mtandao mkubwa wa visanduku, mfano moduli za programu na jinsi zinavyotegemeana, kwa sababu unaweza kuandika skripti inayotoa faili la mchoro kutoka kwenye kodi.

Kuna michoro ambayo mpangilio wake ni sehemu ya maana yake, kama mchoro wa vifaa vilivyomo katika chumba cha seva. Kwa michoro ya namna hiyo tumia draw.io, ambayo ina toleo la kompyuta linalofanya kazi bila intaneti. Hifadhi mchoro kwa jina linaloishia na `.drawio.svg`, faili hilo huonekana kama picha katika nyaraka na bado linafunguka tena kwa kuhaririwa. Usihifadhi picha peke yake huku faili la asili likibaki kwenye kompyuta ya mtu mmoja, kwani siku kompyuta hiyo ikiharibika mchoro utalazimika kuchorwa upya.

Hatua ya 5: Andika mchoro, kisha uusome mshale kwa mshale

Huu ndio mchoro wa kwanza wa mfumo wetu wa maziwa, ukiandikwa kwa Mermaid:

```mermaid
sequenceDiagram
    autonumber
    actor K as Karani
    participant S as Programu ya simu
    participant V as Seva
    participant H as Hifadhidata
    K->>S: Ingiza namba ya mfugaji na lita
    S->>S: Hifadhi kwenye simu
    Note over S,V: Mtandao ukipatikana
    S->>V: Tuma kumbukumbu
    V->>H: Andika lita
    V-->>S: Imepokelewa
```

Mshale wenye mstari mzima huonyesha ombi, na wenye mstari wa vidoti huonyesha jibu. Neno `autonumber` huupa kila mshale namba, ili katika maelezo uweze kusema “katika mshale wa 4” na msomaji akaelewa mara moja. Kumbuka tu kwamba ukiingiza mshale mpya katikati, namba zote zinazofuata husogea, hivyo maelezo nayo yasahihishwe.

Kazi haijaisha mchoro unapoonekana kwenye kioo. Pita kila mshale na uulize: huu ukipotea njiani, nini kitatokea? Mshale wa 3 ukipotea, hakuna hasara, kwa sababu kumbukumbu bado ipo kwenye simu na itatumwa baadaye. Hatari iko kwenye mshale wa 5. Seva imepokea lita 12 za mfugaji na kuziandika, lakini mtandao umekatika kabla jibu halijafika kwenye simu. Simu inadhani kumbukumbu haikufika, inaituma tena mtandao unaporudi, na seva isiyo na habari inaandika lita 12 nyingine. Mfugaji atalipwa lita 24, na hesabu za kituo hazitalingana na maziwa yaliyomo kwenye tangi. Kosa la namna hii ni gumu kuliona katika kodi, kwa sababu kila sehemu, ukiitazama peke yake, iko sahihi.

Tiba yake ni simu kuipa kila kumbukumbu namba ya pekee kabla ya kuituma, na seva ikikuta namba hiyo imeshaandikwa irudishe jibu lilelile bila kuandika mara ya pili. Mchoro uonyeshe hivyo wazi, kwa kubadilisha mistari mitatu ya mwisho:

```
    S->>V: Tuma kumbukumbu yenye namba ya pekee
    alt Namba ni mpya
        V->>H: Andika lita
    else Namba imeshaandikwa
        V->>V: Usiandike tena
    end
    V-->>S: Imepokelewa
```

Sasa msanidi atakayekuja baadaye, akishawishika kuondoa ukaguzi huo wa namba kwa kuuona kama kodi ya ziada, ataona kwenye nyaraka sababu ya kuwapo kwake. Michoro inayoonyesha njia ya mafanikio tu huwa mizuri machoni, lakini mtu hufungua nyaraka wakati jambo limeharibika, na hapo anatafuta njia ya pili.

Mermaid ina mitego michache ambayo ni vyema kuijua mapema. Nukta mkato ndani ya ujumbe wa mchoro wa mfuatano huhesabiwa kuwa mwisho wa mstari, kwa hiyo iepuke. Katika chati mtiririko, maandishi yenye mabano yazungushiwe alama za kunukuu, kama `A["Seva (Tanga)"]`, la sivyo mchoro hautatokea. Na ukiandika `A---ombi` bila nafasi, herufi “o” inayofuata vistari husomwa kuwa alama ya duara mwishoni mwa mstari, hivyo kisanduku chako kitaitwa “mbi”. Acha nafasi baada ya vistari au anza jina kwa herufi kubwa.

Hatua ya 6: Panga majina, mishale na rangi

Kila mshale uwe na kitenzi. Mshale mtupu kati ya “Seva” na “Malipo” haumwambii msomaji kama seva inaomba malipo, inapokea taarifa ya malipo, au inasoma tu salio. “Omba malipo ya wiki mbili” linamaliza shaka hiyo. Majina ya visanduku yawe yaleyale yanayotumika katika kodi na katika maelezo. Kama jedwali linaitwa `mapokezi` katika hifadhidata, usiliite “Rekodi za maziwa” kwenye mchoro, hata kama jina hilo linasikika vizuri zaidi.

Chora kutoka juu kwenda chini kila unapoweza, kwa kutumia `flowchart TB` badala ya `flowchart LR`. Wasomaji wengi watafungua nyaraka zako kwa simu, na mchoro mpana husinyaa hadi herufi zake zisisomeke. Visanduku vikizidi tisa au kumi, ugawe mchoro.

Rangi isibebe maana peke yake. Nyaraka nyingi hatimaye huchapishwa kwenye stationari za mitaa ya Ngamiani hapa Tanga kwa rangi nyeusi na nyeupe, kisha hutolewa kopi, na hapo kijani cha “imefanikiwa” na chekundu cha “imeshindikana” hugeuka kuwa kijivu kimoja. Wapo pia watu wasioweza kutofautisha rangi hizo mbili hata kwenye kioo. Ongeza neno au tofautisha aina ya mstari. Kwa tofauti ya mwangaza, miongozo ya WCAG, inayolenga tovuti zitumike na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, hutaka uwiano usiopungua 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake, na 3 kwa 1 kwa mistari na alama zinazohitajika ili mchoro ueleweke.

Hatua ya 7: Weka mchoro ndani ya nyaraka

Kama nyaraka zako ni Markdown kwenye GitHub au GitLab, andika kodi ya Mermaid ndani ya uzio wa alama tatu za nukuu ya nyuma (backtick) zikifuatwa na neno `mermaid`, kama ilivyofanywa hapo juu, na kazi imekwisha. Kama nyaraka zinakwenda kwenye PDF au kwenye tovuti isiyoijua Mermaid, hifadhi kodi ya mchoro katika faili lake, mfano `michoro/mapokezi.mmd`, kisha utoe picha kwa amri hii:

```
mmdc -i michoro/mapokezi.mmd -o michoro/mapokezi.svg
```

Amri hiyo hutoka katika kifurushi cha `@mermaid-js/mermaid-cli`, ambacho wakati wa kusakinishwa hupakua kivinjari kizima; usikisakinishe kwa bando dogo la siku. Kwa Graphviz amri ni `dot -Tsvg mfumo.dot -o mfumo.svg`. Picha ikishapatikana, iingize katika Markdown hivi:

```
![Mfuatano wa kumbukumbu ya maziwa kutoka simu hadi hifadhidata](michoro/mapokezi.svg)
```

Wanaotumia Sphinx, zana ya kujenga nyaraka, watatumia agizo la `figure` pamoja na `:alt:` kwa maelezo mbadala, au `graphviz` ikiwa wanataka mchoro utengenezwe nyaraka zinapojengwa.

Kati ya aina za mafaili ya picha, chagua SVG kwanza, kwa sababu haipotezi ukali hata ikikuzwa, na maandishi yake hubaki maandishi. Tazama mambo mawili tu: fonti ambayo msomaji hana hubadilishwa na nyingine na inaweza kuyatoa maneno nje ya kisanduku, na mistari myeusi isiyo na mandhari hupotea msomaji anapotumia kioo chenye mandhari meusi, kwa hiyo weka mandhari meupe. PNG inafaa pale SVG isipokubalika, kama katika baadhi ya programu za barua pepe. JPEG iachie picha za kamera. Kwenye michoro huacha ukungu kuzunguka herufi na mistari. Ukihitaji kumtumia mtu mchoro kwa WhatsApp, utume kama hati, kwa sababu ukitumwa kama picha hubanwa na herufi ndogo hufifia.

Katika ukurasa, mchoro utanguliwe na sentensi inayosema unaonyesha nini, upewe namba na kichwa, kisha ufuatwe na maelezo ya yale tu ambayo hayaonekani kwa macho. Kurudia kwa maneno kila mshale ambao msomaji ameshauona ni kumchosha.

Hatua ya 8: Andika maelezo mbadala, na uondoe taarifa za watu

Asiyeona hutumia kisoma skrini, na kisoma skrini husoma maelezo mbadala. “Mchoro wa mfumo” si maelezo. Andika jibu la lile swali la hatua ya kwanza: “Simu ya karani huhifadhi kumbukumbu, huituma kwenye seva mtandao ukipatikana, na seva huandika mara moja tu kwa kila namba ya pekee.” Ndani ya Mermaid yenyewe, tumia `accTitle:` na `accDescr:` kwa kichwa na maelezo hayo.

Usiweke kwenye mchoro anwani za ndani za seva, nywila, wala funguo za API, yaani zile zinazoruhusu programu moja kuingia katika nyingine. Ukitumia picha za skrini kuonyesha kituo kinavyofanya kazi, jaza majina na namba za simu za kubuni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda taarifa za mfugaji hata zikiwa ndani ya picha, na picha iliyoingia katika historia ya Git haiondoki kwa kufuta faili tu.

Hatua ya 9: Fanya mchoro ubadilike pamoja na kodi

Katika kiolezo cha ombi la kuunganisha mabadiliko, ongeza mstari mmoja unaouliza kama kuna mchoro unaoguswa na badiliko hilo, na mkaguzi asiidhinishe hadi mstari huo ujibiwe. Kama timu ina mtambo unaojaribu kodi kila inapowasilishwa, uagize uendeshe `mmdc` kwa mafaili yote ya folda ya `michoro`, ili lenye kosa la kisintaksia, yaani la uandishi wa kodi ya mchoro, ligundulike kabla ya kumfikia msomaji. Mtambo hautajua kama mchoro unasema kweli. Hilo ni la mkaguzi.

Mara moja kila toleo kubwa linapotoka, pitieni michoro yote kwa pamoja mkiwa na kodi wazi pembeni. Mchoro ambao hakuna anayeweza kutaja swali lake ufutwe, na hakuna kinachopotea, kwani Git imeuhifadhi kwa yeyote atakayeuhitaji.